Idhini ya Mchunguzwa

Jamhuri ya Shwari haimo kwenye ramani zenu, na msipate tabu ya kuitafuta. Wachora ramani walikuja, wakapewa soda, wakaambiwa wasubiri kibali, na nasikia mpaka leo wamekaa pale mapokezi. Lakini nchi ipo. Mimi ni Mshwari wa kuzaliwa, naipenda nchi yangu kupita kiasi, na haya nitakayowasimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa ya kuisifu serikali.

Kwetu kuna gazeti moja tu, Shwari Leo, na linatutosha. Ukurasa wa kwanza huwa na picha ya kiongozi, na chini yake maneno yale yale kila siku: "Mheshimiwa akifurahia jambo." Jambo lenyewe halitajwi, kwa sababu za kiusalama. Hata akipigwa picha msibani, anafurahia jambo. Tumeshazoea, na siku maneno hayo yakikosekana chai haishuki.

Kuna pia Wizara ya Ujenzi na Habari Njema. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili kubana matumizi, kwamba anayejenga ndiye huyo huyo atangaze. Baada ya muda ikaonekana kuwa kutangaza peke yake kunatosha. Waziri wake ni Mheshimiwa Dakta Mapembe, mtu mwenye mwili wa kutosha na sauti tamu sana. Akisoma hata bei za vitunguu, akina mama wanalia.

Basi wakaja wahisani kutoka ng'ambo, wale wanaotupa magari ya wizara. Walikagua kila kitu, wakaridhika, wakala, wakashiba, halafu mmoja wao akafuta mdomo na kusema, "Sasa tungependa kuonana na mwandishi wenu wa habari za uchunguzi."

"Yupi?" akauliza Mheshimiwa.

"Yeyote."

"Aa, wapo wengi mno. Ila leo wote wako uchunguzini."

Wahisani ni watu wagumu kuelewa. Walisema hawana haraka, watarudi masika yakiisha, na wasipomkuta hata mmoja, magari mapya hayatakuja. Mheshimiwa akayawaza maisha ndani ya gari la mwaka jana, machozi yakamlengalenga. Siku iliyofuata alikizindua Chuo cha Taifa cha Uandishi wa Uchunguzi. Kwetu kitu huzinduliwa kwanza. Kuwepo huja baadaye, nafasi ikipatikana.

* * *

Tatizo likawa mwalimu. Wizara iliuliza kila ofisi, ni nani katika nchi hii anayejua uchunguzi? Jibu likarudi lile lile kutoka kila ofisi: polisi. Ndipo akaitwa Afande Sombi, askari mstaafu aliyefuga kuku, ambaye kwa maisha yake yote kazini alikuwa akiwauliza watu maswali. Ni kweli kwamba wengi wa aliowauliza hawakuwa na nafasi ya kuondoka, lakini uzoefu ni uzoefu.

Wanafunzi walikuwa waandishi wa Shwari Leo, wote waliokuwa hawana udhuru. Afande aliingia darasani na fimbo kwapani, akawatazama mmoja mmoja mpaka wawili wakakiri makosa ambayo hakuna aliyewauliza.

"Kaeni," alisema. "Nyie mmezoea kuandika mtu alichosema. Hiyo kazi hata kasuku anaiweza. Mimi nitawafundisha kusikiliza alichoruka. Mtu akikujibu haraka, muulize tena. Akikujibu polepole, mletee chai, anatunga. Akikasirika, furahi, umefika mlangoni kwake."

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Afande, na asipotaka kujibu kabisa?"

Afande akakohoa, akaitazama fimbo yake, akaiweka nyuma ya mlango. "Zamani nilikuwa na jibu la swali hilo," alisema. "Sasa nimezeeka, nimeacha. Mnamwendea jirani yake."

Nakiri nilishangaa. Yule mtu alikuwa mwalimu mzuri sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maswali yanaweza kuulizwa kwa ajili ya kujua.

Wizara haikumwachia peke yake, ilimpa mtaala. Ulikuwa na ukurasa mmoja wa masomo na kitabu kizima cha shukrani kwa viongozi. Ndani yake kulikuwa na kanuni moja iliyopigiwa mstari mwekundu: habari ya uchunguzi haitachapishwa mpaka mchunguzwa mwenyewe aridhie, kwa hiari yake, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Iliitwa Idhini ya Mchunguzwa. Nchi nyingi hazina ustaarabu huo, wanamwandika mtu tu bila hata kumjulia hali.

Tena, ili wanafunzi wasihangaike kutafuta kashfa na kupigwa jua, wizara iliwatengenezea kashfa za mazoezi, safi, zilizohakikiwa. Kila mmoja alipewa yake. Siwatu Kilemba alipewa ile ya maandazi yaliyopungua kwenye mkutano wa maandalizi ya mkutano.

Siwatu alikuwa ndiye mwandishi wa yale maneno chini ya picha. Akaisoma kashfa yake, akanyoosha mkono.

"Afande, naomba nibadilishiwe. Mimi nataka kuchunguza daraja."

Darasa zima likainama, kama lililopitiwa na ndege ya kivita. Kila Mshwari alijua daraja gani.

* * *

Daraja la Mto Kengele lilizinduliwa kwa shangwe kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilipiga vigelegele ingawa ni mwanamume. Malori yalikuja na vyuma vya kupendeza, vya rangi ya njano, yakaegeshwa ukingoni. Utepe ukafungwa kutoka lori hadi lori, Mheshimiwa akaukata, ngoma zikalia, tukala pilau. Kisha malori yakawasha moto yakaondoka na vyuma vyake.

Aliyebaki pale ni mlinzi, Mzee Kilemba, baba yake Siwatu. Aliajiriwa siku ile ile, akapewa koti, kofia na filimbi, akaambiwa alinde daraja. "Lipo wapi?" aliuliza. Akajibiwa, "Linakuja. Wewe linda." Akalinda. Alilinda masika na kiangazi. Mbuzi wakisogea mahali pale aliwapigia filimbi wasije kulichafua. Watu wakivuka mto kwa miguu, maji kiunoni, aliwaomba wavukie pembeni wasimharibie lindo.

Halafu ofisa mmoja wa wahisani akapita akauliza daraja liko wapi. Wizara haikusita hata kidogo. Daraja limeibwa, ilisema, na mwizi tayari amekamatwa. Polisi wakaenda kumchukua Mzee Kilemba. Walipekua nyumba yake yote, wakachungulia hata uvunguni mwa kitanda, lakini daraja hawakulipata, jambo lililothibitisha jinsi mzee huyo alivyo mjanja. Hakimu akaamuru akae mahabusu mpaka masika yaishe. Kama hadi hapo hatakuwa ameonyesha alipolificha, atafungwa, na atakaa ndani mpaka siku atakapolitoa.

Hilo ndilo lililomleta Siwatu darasani. Kila juma alikuwa akienda mahabusu kumwona baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Limeonekana?"

"Bado, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Nimewaza sana. Nadhani ni siku ile nilipokwenda nyumbani kula. Ugali ulikuwa wa moto, nikachelewa. Ndipo walipolibeba. Kosa ni langu, Siwatu, mtu akiaminiwa na serikali hapaswi kula ugali wa moto."

"Baba, halikuwepo!"

"Ningelindaje kitu ambacho hakipo?" alisema mzee kwa upole, naye kweli hakuelewa. "Ningekuwa mwendawazimu."

Siwatu alitoka pale akilia kwa hasira. Masika yalikuwa yamebakiza manyunyu tu.

* * *

Afande Sombi alimkatalia Siwatu ombi lake la daraja mbele ya darasa, kwa sauti ya juu, ili wizara isikie. Kisha akamwita uwanjani kwenye kuku wake, maana alikuja nao chuoni.

"Wewe utachunguza maandazi," alisema akiwarushia kuku pumba. "Na maandazi hayo, kwa mfano, yawe ya chuma, marefu, ya njano. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Afande."

"Niite Mwalimu. Nimeanza kulipenda jina hilo."

Siwatu akaenda mtoni. Aliuliza haraka, akajibiwa haraka, akauliza tena. Akina mama wavukao pale wakamwambia kwamba malori yalipoondoka hayakwenda mbali, yalishika barabara ya mjini. Akawaendea wauza mahindi wa njiani. Wakakumbuka malori ya vyuma vya njano yakipita, yakielekea katikati ya mji. Baada ya hapo hakuna aliyejua lolote. Mjini watu wote walijibu polepole, na alimaliza sukari ya nyumba nzima kwa chai.

"Yameingia mjini yakayeyuka," alimwambia mwalimu wake, amekata tamaa. "Vyuma vikubwa vile, Mwalimu! Vinafichwa wapi?"

"Kitu kikubwa hakifichwi, binti. Kinawekwa mahali ambapo watu wana adabu."

Siwatu hakuelewa. Kesho yake darasa zima lilipelekwa Ukumbi wa Neema kupanga viti vya mahafali. Ukumbi wa Neema ni mali ya mke wa Mheshimiwa Mapembe, na sherehe zote za serikali hufanyika humo, kwa kuwa ndio wenye paa zuri kuliko yote nchini. Siwatu alikuwa ameshaingia humo mara nyingi, akiwa kazini. Lakini lazima niwaeleze desturi yetu. Mkubwa akizungumza, Mshwari huinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake. Ndiyo heshima. Mtu anaweza kuhudhuria sherehe za ukumbi ule miaka nenda rudi na akawa anajua zulia lake ua kwa ua, wala asijue kama ukumbi una dari.

Siku hiyo hapakuwa na mkubwa. Kulikuwa na viti tu. Siwatu alinyanyua kiti, akanyoosha mgongo uliokuwa unamuuma, na macho yakaenda juu yenyewe.

Paa la Ukumbi wa Neema lilikuwa limebebwa na vyuma vya njano. Juu ya kimoja, kwa herufi kubwa nyeusi, palikuwa na maandishi: DARAJA MTO KENGELE, UPANDE WA KUSHOTO.

Alikaa chini, palepale sakafuni. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele. Baba yake alikuwa mahabusu kwa kuiba kitu ambacho mawaziri wote wa nchi walikuwa wamekaa chini yake wakila keki.

* * *

Ikabaki ile kanuni ya mstari mwekundu. Ushahidi ulikuwepo, tena mkubwa kuliko ushahidi wowote uliowahi kutokea. Lakini nani ataenda kumwomba Mheshimiwa Mapembe aridhie, kwa hiari yake, kwa sauti, mbele ya mashahidi?

"Mheshimiwa ndiye mgeni rasmi wa mahafali," alisema Afande Sombi, akimwangalia Siwatu kwa jicho la pembeni. "Na hotuba ya mgeni rasmi huandikwa na mwenyeji wake. Mwenyeji ni sisi. Mimi mwandiko wangu ni wa kipolisi, kila mtu ninayemwandika anaonekana mhalifu. Andika wewe."

Siwatu alivuta karatasi. "Wataisoma huko wizarani, Mwalimu."

"Wataisaini," alisema Afande. "Ni vitu viwili tofauti."

Hapa pia kuna desturi. Kwetu kiongozi hasomi hotuba yake kabla ya siku yenyewe. Kuisoma mapema ni kumwonyesha aliyeiandika kwamba humwamini, na serikali yetu imejengwa juu ya kuaminiana. Akishaanza kuisoma hasimami. Kusimama katikati ni kukiri kuna kosa, na kiongozi wa Shwari hana kosa. Kisha hotuba hiyo huchapwa neno kwa neno, na kila agizo lililomo hutekelezwa kabla jua halijatua.

Hotuba ikapanda wizarani. Karani alisaini kwa sababu ilikuwa na mhuri wa chuo. Mkubwa wake alisaini kwa sababu karani amesaini. Katibu Mkuu alisaini kwa sababu haiwezekani wote hao wawe wajinga. Nilivyo mzalendo, nakubaliana naye.

* * *

Siku ya mahafali Ukumbi wa Neema ulifurika. Wahisani walikaa mbele, wakiwa na mkalimani. Mheshimiwa alipopanda jukwaani, Washwari wote tukaangalia viatu.

"Ndugu wananchi," akaanza, kwa ile sauti ya asali, "leo ni siku ya kihistoria. (Makofi.)" Akangoja. Tukapiga. "Nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa kuwa kwa hiari yangu, kwa sauti yangu, na mbele yenu mashahidi, nakusudia kuridhia."

Mama mmoja karibu nami akaanza kulia, kwa utamu.

"Mtakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilizindua Daraja la Mto Kengele. Daraja hilo, ndugu zangu, lina sifa za pekee. Halifunikwi na maji. Halichakai. Halina ufa. (Tabasamu.)" Akatabasamu. "Halina ufa kwa kuwa halijawahi kujengwa. (Makofi.)"

Tukapiga makofi, kwa mazoea, kisha yakawa yanapungua, moja, moja, mpaka akabaki anapiga mzee mmoja asiyesikia. Mheshimiwa jasho lilianza kumtoka. Nilimwona, maana kwa mara ya kwanza maishani niliinua kichwa kidogo. Alitaka kusimama. Lakini atasimamaje? Mbele yake walikuwepo wahisani, na kamera, na heshima yake yote. Akaendelea kwa sauti ile ile nzuri, haikutetereka hata kidogo. Ule ndio uongozi.

"Vyuma vyake viliingia mjini mchana kweupe. Na leo vipo hapa hapa, juu ya vichwa vyetu. (Onyesha kwa kidole.)"

Akaonyesha. Ukumbi mzima, na mawaziri, na wake zao, na wapiga tarumbeta, tukatazama juu. UPANDE WA KUSHOTO. Na kule mwisho, juu ya mlango wa jikoni, UPANDE WA KULIA. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Mama yangu! Binti yangu kaolewa chini ya daraja."

Mheshimiwa hakuwa na pa kukimbilia ila kwenye karatasi. "Kwa hiyo naagiza," akasoma, "mlinzi Mzee Kilemba aachiwe huru leo hii, kabla jua halijatua. Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi.)"

Siwatu ndiye aliyeanza kupiga. Alipiga huku analia, na hakujali nani anamwona.

* * *

Serikali yetu haishindwi. Jioni ile ile wizara ilitoa tamko kwamba Mheshimiwa Dakta Mapembe amefanya uchunguzi wa kina na, kwa ujasiri usio wa kawaida, amejifichua. Akapewa Tuzo ya Mwandishi Bora wa Uchunguzi, ya kwanza na ya mwisho. Wahisani walifurahi mno, magari yakaja, ya rangi ya fedha. Ukumbi haukubomolewa, kwa huruma kwa maharusi waliokwisha kulipia. Na Chuo kikafungwa, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa umekamilika. Afande Sombi alirudi kwake na kuku wake, na cheti cha kumshukuru kwa kutohusika.

Siwatu akarudishwa kwenye maneno ya chini ya picha. Nilidhani atanung'unika, wala. Baba yake alikuwa nyumbani. Siku ya kwanza mzee alikaa kibarazani, kisha akauliza, "Kwa hiyo halikuwahi kufika?"

"Halikuwahi, baba."

"Na wale mbuzi niliowafukuza?"

Mzee aliona haya, haya ya mtu mzima aliyechezewa, na hiyo ilimuuma binti yake kuliko mahabusu yenyewe.

Haukupita muda, Mheshimiwa akaenda Mto Kengele kuweka jiwe la msingi la daraja jipya. Kwa bahati mbaya hema na jiwe vilikuwa ng'ambo ya pili, na mto ulikuwa bado na maji. Magari ya rangi ya fedha yakasimama ukingoni, mapya kabisa, hayajui la kufanya. Siwatu alikuwepo na kamera. Baba yake pia alikuwepo, na kofia yake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi.

Mzee Kilemba akakunja suruali, akainama mbele ya Waziri. "Panda, Mheshimiwa."

"Baba, hapana!" Siwatu alisema.

Mheshimiwa akapanda. Mzee akaingia mtoni na mzigo ule wote mgongoni, maji yakampanda magotini, mapajani, kiunoni. Katikati ya mto aligeuza uso, akamwangalia binti yake, wala hakuonekana tena kuwa na haya.

"Piga, mwanangu," alisema akihema. "Piga sasa, kabla hajafika."

"Ndiyo, piga!" Mheshimiwa akadakia kule juu, akirekebisha tai, mbele ya msafara wake wote. "Piga vizuri, binti. Nionekane nikivuka."

Mashahidi tulikuwa wengi. Alisema kwa sauti, na hakuna aliyemlazimisha.

Siwatu akapeleka picha gazetini, na safari hii hakuandika kwamba Mheshimiwa anafurahia jambo. Aliandika: "Mheshimiwa Waziri akivuka Daraja la Mto Kengele." Mhariri aliona Mheshimiwa, akaona Waziri, akaona daraja, akasaini. Asubuhi nchi nzima ilikuwa nayo mkononi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na walipomaliza kucheka walibaki wakiangalia shingo ya yule mzee ilivyokakamaa.

Mzee Kilemba ameibandika mlangoni kwake. Wapita njia wakimtania na kumuuliza, "Mzee, lile daraja liko wapi siku hizi?" yeye husimama, hunyoosha mgongo wake kwa shida kidogo, na huwajibu, "Ndilo hili."